Kumfadhili mtoto ng'ambo: njia tano, na fedha zinakoishia

Picha ya mtoto, jina lake, umri wake, na kitufe cha kuchangia. Mashirika karibu yote ya ufadhili wa watoto huanzia hapo, na ukiyatazama kwa nje utadhani yote ni mamoja. Tofauti huanza kitufe kikishabonyezwa. Kwa shirika moja, fedha zako zitafika mkononi mwa bibi anayemlea mtoto yule. Kwa lingine zitachimba kisima ambacho mtoto yule atateka maji pamoja na kijiji kizima. Kwa lingine zitalipa gharama za kituo ambacho mtoto hakustahili kupelekwa, kwa kuwa mama yake yu hai na kilichomshinda ni ada ya shule tu.

Ndiyo maana ulinganisho huu haupangi mashirika kwa ukubwa wala kwa uzuri wa picha zao. Unafuata fedha: zinapita kwa nani, zinaishia wapi, na njiani huharibika nini.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe, kwa sababu inaeleza mkanganyiko uliopo leo. Ufadhili wa watoto ulizaliwa vitani. Eglantyne Jebb na dada yake Dorothy Buxton walianzisha Save the Children jijini London mwaka 1919, watoto wa nchi zilizoshindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa wanakufa njaa. Shirika ambalo leo ni Plan International lilianza mwaka 1937 kwa ajili ya watoto wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. ChildFund ilianza mwaka 1938 kwa ajili ya China. World Vision (1950) na Compassion (1952) zote zilikulia katika vita vya Korea. Mtoto wa wakati ule mara nyingi hakuwa na mtu kabisa, kwa hiyo mfadhili mmoja kwa mtoto mmoja ilikuwa hesabu iliyo sawa. Mtoto wa kwenye picha ya leo, mara nyingi zaidi, anaishi na mzazi au ndugu, na tatizo lake ni umaskini wa nyumba nzima. Picha imebaki vilevile, lakini hali iliyo nyuma yake imebadilika.

Yatima ni nani hasa

UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto yeyote aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 dunia ilikuwa na yatima wapatao milioni 140, lakini waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa kama milioni 15. Katika sheria ya Kiislamu yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yupo. Maana zote mbili ni sahihi mahali pake, ila zina tokeo moja kwa mfadhili: yatima wengi wana mama, baba, bibi, shangazi au kaka mkubwa. Swali la kwanza basi liwe "nyumba anayoishi imepungukiwa nini?" Swali la "nani atamchukua?" linawahusu wachache zaidi, na majibu yake ni tofauti kabisa.

Njia tano kwa kifupi

| Njia | Fedha hufika kwa nani | Mwenye picha hupata nini | Huharibikia wapi |
|---|---|---|---|
| Mtoto mmoja mmoja | Kituo cha karibu kinachomhudumia | Huduma zake mwenyewe, zinazoorodheshwa | Ndugu zake kuachwa nje. Mtoto kuhama |
| Mfuko wa jamii | Mradi wa eneo zima | Sehemu ya kile kinachopata eneo | Mfadhili kudhani fedha ni za mtoto huyo tu |
| Kafala ya yatima (kumlipia yatima anayeishi na mama au ndugu) | Mlezi wa mtoto | Posho inayoingia katika nyumba | Malipo kuchelewa. Benki kuzuia |
| Makao ya watoto | Wenye kituo | Malazi, chakula, walezi | Watoto wenye wazazi kukusanywa ili wafadhiliwe |
| Msaada usio na jina | Kaya, zahanati au shule | Hakuna mwenye picha | Mfadhili kuchoka kwa kukosa barua |

Mtoto mmoja mmoja

Mfano unaojulikana zaidi ni Compassion, inayofanya kazi kupitia makanisa ya mahali anapoishi mtoto. Mtoto huandikishwa katika kituo kilicho kanisani na hufika hapo kila wiki kwa saa kadhaa: hula, husaidiwa masomo, hupimwa afya, hufundishwa dini. Faili lake ni lake. Akiacha kuja, mtu humfuata nyumbani.

Njia hii ndiyo iliyofanyiwa utafiti wa kuaminika zaidi. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha matokeo kutoka nchi 6 (Bolivia, Guatemala, India, Kenya, Ufilipino na Uganda) baada ya kukusanya taarifa za watu 10,144: waliofadhiliwa wakiwa watoto, ndugu zao wa tumbo moja, na majirani. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma zaidi kwa mwaka 1.03 hadi 1.46, na uwezekano wao wa kumaliza sekondari ulikuwa juu kwa pointi 12 hadi 18 za asilimia. Ukiwahi kuona takwimu za miradi ya elimu, utajua kwamba huo ni mwinuko mkubwa. Baadaye Wydick na wenzake walichunguza michoro ambayo watoto wa Jakarta, Indonesia walijichora wenyewe, wakakuta dalili za furaha na matumaini zaidi kwa waliofadhiliwa. Kwa watafiti hao, sehemu ya faida haitokani na daftari wala sare. Inatokana na mtoto kuanza kujiona kuwa mtu mwenye kesho.

Lakini utafiti ule ulihusu shirika moja, na watoto walioandikishwa miongo kadhaa iliyopita. Usiruhusu shirika lingine likuuzie sifa hizo kana kwamba ni zake.

Udhaifu wa njia hii uko ndani ya nyumba ileile. Mtoto mmoja anarudi na viatu, wenzake wanne wanamwangalia. Uliza kama shirika lina kikomo cha watoto wa familia moja, na kama mlezi ana namna yoyote ya kusaidiwa, kwa mfano mafunzo au kikundi cha akiba. Uliza pia kuhusu dini bila haya. Kama mafundisho ya dini ni sehemu ya huduma, wewe na familia ya mtoto mnapaswa kulijua mapema, na mtoto asilazimishwe kubadili imani ili apate chakula.

Mfuko wa jamii wenye sura ya mtoto

World Vision, Plan, ChildFund na ActionAid, kila moja kwa namna yake, huunganisha michango ya wafadhili wengi na kuitumia kwa eneo zima: maji, shule, lishe, ulinzi wa watoto, mikopo midogo. Mradi wa eneo wa World Vision kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15, kisha hufungwa na wenyeji kuachiwa kazi. Mtoto uliyepewa ni wa kweli, anafuatiliwa na anaandika barua, lakini yeye ni kama balozi wa kijiji chake. Mchango wako haukatiwi risiti kwa jina lake.

Hapa ndipo watu wengi hukasirika baadaye, na hasira hiyo inazuilika. Tafuta kifungu kidogo kilicho chini ya fomu au kwenye ukurasa wa maswali. Kitasema kitu kama: "mchango wako huunganishwa na wa wafadhili wengine ili kunufaisha jamii ya mtoto." Ukiisoma sentensi hiyo umeshaarifiwa. Nchini Marekani kuna sababu ya kisheria pia: mchango unaoelekezwa kwa mtu mmoja aliyetajwa hauhesabiwi kuwa wa hisani katika kodi, kwa hiyo ni lazima shirika libaki na mamlaka ya kuamua matumizi. Kosa linakuja pale tangazo kubwa linaposema "mlishe mtoto huyu" huku kifungu kidogo kikisema vingine. Shirika linalofanya hivyo lipunguzie alama, hata kama kisima chake ni kizuri.

Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi uliotikisa sekta hii yote. Waandishi wake walijiandikisha kuwa wafadhili katika mashirika manne makubwa, kisha wakawafuata watoto wale hadi vijijini kwao. Baadhi walikuwa wamepata vitu vichache mno, na mmoja alikuwa ameshafariki huku michango ikiendelea kupokelewa kwa jina lake. Tangu hapo mashirika makubwa yamekaza ufuatiliaji, lakini swali la kuuliza ni lilelile: mtoto huonwa kwa macho mara ngapi kwa mwaka, na nani anayemwona? Jibu zuri lina idadi na cheo cha mtu. Jibu baya ni "mara kwa mara".

Ubora wa njia hii ni kwamba wivu hupungua, na mambo yasiyogawanyika, kama maji safi au mwalimu mzuri, hupatikana kwa wote. Homa ya matumbo haimruki mtoto kwa sababu ana mfadhili. Mahali ambapo kisima hakipo, mfuko wa jamii hushinda bahasha ya mtoto mmoja.

Jambo moja dogo linalofaa kutajwa: mwaka 2019 World Vision ilianza utaratibu ambamo mtoto ndiye anayechagua picha ya mfadhili. Haubadilishi njia ya fedha hata kidogo, lakini unaondoa ile hali ya kuwapitia watoto kwa kidole kama bidhaa dukani. Tunaupenda kwa sababu hiyo.

Kafala ya yatima

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, unaitaja kafala, yaani malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu, kwa jina kuwa mojawapo ya njia halali za kumlea mtoto aliyekosa familia yake. Katika lugha ya mashirika ya misaada, hata hivyo, kafala imekuwa na maana ya kumlipia yatima anayeendelea kuishi na mama au ndugu yake. Islamic Relief, iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1984, ni mojawapo ya mashirika makubwa yanayoiendesha.

Utaratibu una hatua ambazo shirika lolote la kafala linapaswa kuweza kukuonyesha: cheti cha kifo cha baba au uthibitisho wa serikali ya mtaa, kitambulisho cha mlezi, uchunguzi wa hali ya nyumba, kisha malipo ya kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu kupitia benki, simu au mkono kwa mkono kwa saini. Kila mwaka hufuata ripoti yenye picha mpya, matokeo ya shule na hali ya afya.

Tunaona kwamba kwa yatima mwenye mlezi mwema, hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na hitaji lenyewe. Mtoto anabaki kwao. Mama anaamua kama mwezi huu ni unga au ni dawa. Wafadhili wengine hulalamika kwamba posho imeliwa na nyumba nzima, lakini jungu ni moja. Huwezi kumpakulia yatima nyama ukawapa wadogo zake mchuzi.

Matatizo yake ni ya namna nyingine. Watoto wengi wa kafala wako katika nchi zenye vita, na benki za kimataifa hukataa au huchelewesha uhamisho kwenda huko kwa hofu ya kuvunja vikwazo. Malipo ya miezi mitatu yanaweza kuja yote siku moja. Sarafu ya nchi ikiporomoka, posho iliyopangwa kwa fedha ya ndani huyeyuka, kwa hiyo uliza kama kiwango hupangwa upya na baada ya muda gani. Mama akiolewa tena au mtoto akifika 18, ufadhili unaweza kusimama. Uliza sheria hiyo kabla, si baada.

Kama unatoa zaka, waambie wazi kwamba ni zaka. Uliza ni kiasi gani huchukuliwa kwa ajili ya wanaozitumikia, na kama sadaka yako na zaka yako huwekwa katika hesabu mbili tofauti. Shirika lililo makini hujibu swali hilo kwa sentensi moja.

Makao ya watoto

Hapa tunakuomba usome taratibu, kwa sababu ndipo nia njema huumiza zaidi.

Mtoto mdogo anahitaji mtu mmoja anayemjua kwa sauti na kwa harufu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto 136 wenye umri wa miezi 6 hadi 31 kutoka vituo vya Bucharest, Romania. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kulelewa katika familia. Waliobaki vituoni walikuwa nyuma kwa akili, kwa lugha na kwa uwezo wa kumwamini mtu. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili hivi ndio waliojikwamua zaidi. Chakula na kitanda vilikuwepo vituoni. Kilichokosekana ni mikono ileile kila siku: mlezi wa asubuhi anaondoka, wa jioni anaingia, na mtoto anajifunza kutolia kwa kuwa kulia hakumleti mtu.

Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto. Inasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika familia yake. Lakini fedha huvuta. Nchini Kambodia, UNICEF ilieleza mwaka 2011 kwamba idadi ya vituo ilikuwa imepanda kwa asilimia 75 kati ya 2005 na 2010, ingawa watoto wengi waliokuwamo walikuwa na mzazi hai. Wazazi maskini waliambiwa kwamba mtoto atasoma bure. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaacha fedha, na fedha zile zikahitaji watoto wengine.

SOS Children's Villages ina mtindo wake tofauti. Hermann Gmeiner aliianzisha Imst, Austria mwaka 1949: watoto wachache, nyumba moja, mlezi mmoja anayeitwa mama, na ndugu wa damu hawatenganishwi. Mtoto mmoja huwa na wafadhili kadhaa, na hilo lenyewe linakupa habari: malezi ya makao hugharimu mara kadhaa zaidi ya kuisaidia familia imlee mtoto. Shirika hilo pia lina programu za kuzisaidia familia zisivunjike, na kwa maoni yetu huko ndiko mchango unakofika mbali zaidi.

Kama bado unataka kusaidia kituo fulani, andika barua pepe yenye maswali haya na usubiri majibu yenye namba: Watoto wangapi wapo leo, na wangapi kati yao wana mzazi hai? Mwaka uliopita wangapi walirudishwa kwa ndugu? Kila mtoto aliletwa kwa barua ya nani, ya ofisa wa ustawi wa jamii au ya mwenye kituo? Mlezi mmoja analea wangapi kwa zamu moja? Leseni ya kituo inaisha lini? Kituo kinachomruhusu mgeni aliyefika leo kucheza na watoto chumbani, au kinachotaka ufadhili wako upande kadiri watoto wanavyoongezeka, usikipe fedha. Kinachosema "tumebaki na 14, mwaka jana tulikuwa 31, wengine wako kwa shangazi zao na tunawatembelea" kisaidie kwa moyo mmoja.

Msaada usio na jina la mtoto

Njia hii haina picha, na kwa sababu hiyo watu huipita. Kaya maskini hupewa fedha taslimu, au watoto hupewa dawa za minyoo, vitamini A au vyandarua. Mwaka 2016 ODI, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa maendeleo, ilipitia tafiti 165 za fedha taslimu kwa kaya. Kwa jumla matumizi ya chakula yalipanda na mahudhurio ya shule yaliongezeka, huku kazi za watoto zikipungua. Hofu ya kwamba fedha zitaishia kwenye pombe nayo haikupata ushahidi katika tafiti nyingine. GiveDirectly ndilo jina linalotajwa sana katika eneo hili.

Kama unachotaka ni watoto wengi zaidi wanufaike kwa kila shilingi, njia hii ni ngumu kuishinda, maana hakuna barua za kutafsiri wala picha za kupiga. Utakachokosa ni uhusiano, na tusijidanganye: kwa watu wengi barua ndiyo inayowafanya waendelee kutoa mwaka wa saba.

Na wale wanaotuma moja kwa moja kwa mtoto wa ndugu au wa rafiki katika nchi nyingine? Inafaa, kwa masharti mawili. Lipa ada kwenye akaunti ya shule yenyewe, ukidai risiti yenye jina la shule na namba ya mwanafunzi. Na fahamu kwamba wewe ndiye shirika: mtoto akipigwa, akiacha shule au akipata mimba, hakuna ofisa atakayekupigia simu.

Dola 40 zinavyogawanyika

Chukua mfano wa mchango wa dola 40 za Marekani kwa mwezi, kiwango kisicho mbali na kile kinachoombwa na mashirika mengi makubwa. Tuseme asilimia 20 huenda kwenye uchangishaji na uendeshaji: zimebaki 32. Ofisi ya nchi, mhasibu, mfasiri wa barua na usafiri wa kumtembelea mtoto vichukue 6: zimebaki 26. Hizo ndizo chakula, shule, matibabu na mishahara ya wanaokaa na watoto. Namba hizi ni za mfano, lakini umbo lake ni la kawaida.

Sasa jihadhari na pande zote mbili. Mishahara ya walimu na wauguzi wa mradi huhesabiwa kuwa huduma, na ni haki, kwa sababu mtoto hatibiwi na jengo. Na shirika linalojisifu kwa gharama za uendeshaji za asilimia 3 pengine halimtembelei mtu. Ufuatiliaji ndio unaogundua kwamba mtoto amehama au ameozwa, na ufuatiliaji una gharama.

Hesabu zenyewe zinapatikana bure. Nchini Marekani tafuta Fomu 990 ya shirika, yaani taarifa yake ya mwaka kwa mamlaka ya kodi, na ufungue ukurasa wa matumizi: kuna safu ya huduma, ya uendeshaji na ya uchangishaji. Baadhi ya mashirika ya dini hayalazimiki kuijaza. Hayo yaombe hesabu zilizokaguliwa. Kwa mashirika ya England na Wales, rejista ya Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, huonyesha taarifa za mwaka. Linganisha miaka mitatu, usiishie kwenye mmoja.

Kuna fedha ndogo ambazo watu huziacha. Malipo kwa kadi hukatwa asilimia kadhaa kila mwezi, na agizo la benki huwa nafuu. Mlipa kodi wa Uingereza akitia alama ya Gift Aid, shirika hupata pensi 25 zaidi kwa kila pauni bila yeye kuongeza kitu. Ni kisanduku kimoja tu kwenye fomu.

Miaka, barua na zawadi

Mtoto wa miaka 6 anayefadhiliwa hadi 18 ni miezi 144. Kwa dola 40, hiyo ni dola 5,760. Piga hesabu hiyo kabla ya kuchagua. Kama kipato chako si cha uhakika, chagua mtoto wa miaka 14 au 15: wakubwa husubiri zaidi kwa sababu kila mtu anataka mdogo, na wako katika umri ambao ada huwatoa shuleni.

Barua husafiri kutoka kwako hadi ofisi kuu, ofisi ya nchi, mfasiri, kisha mtoto, na kurudi hivyo hivyo. Miezi miwili au mitatu ni kawaida, kwa hiyo usiulize jambo linaloisha baada ya wiki. Andika sentensi fupi, maana mfasiri ana rundo mezani. Uliza mambo yenye jibu: anakaa karibu na nani darasani, anapenda somo gani, nani humwamsha asubuhi. Usiandike kuhusu gari wala safari zako. Usiweke anwani ya nyumbani wala kurasa zako za mitandao. Mtoto akikupata mtandaoni na kukuandikia moja kwa moja, usijibu, mjulishe ofisa wa shirika. Sheria hiyo inamlinda yeye dhidi ya watu ambao si wewe.

Vifurushi acha. Ushuru, wizi na wivu hula thamani yake yote. Tuma fedha ya zawadi kupitia shirika kama linaruhusu, ukiuliza kiwango cha juu, kwa sababu zawadi kubwa kupita kipato cha kaya huleta wakopaji mlangoni. Ukitaka kumtembelea, shirika likidai cheti cha polisi na kukupa msindikizaji, lishukuru. Likikuruhusu uende peke yako, lihame.

Basi uchague ipi

Unataka kumfuata mtu mmoja hadi ukubwani na una uhakika wa miaka mingi: mtoto mmoja mmoja, au kafala kama ni yatima mwenye mlezi. Unajua kwamba tatizo la pale ni maji, malaria au shule mbovu: mfuko wa jamii. Kipato chako hupanda na kushuka, au barua zitakushinda: msaada usio na jina, kwa kuwa hakuna mtoto atakayeuliza umekwenda wapi. Umeguswa na watoto wasio na mtu kabisa: tafuta programu ya malezi ya familia za kambo (familia nyingine inayompokea na kumlea mtoto) au ya kuwarudisha watoto kwa ndugu, kabla ya kufikiria kituo chochote.

Na ikibidi kuacha, toa taarifa miezi mitatu kabla ili ofisi itafute mfadhili mwingine. Uliza kama kuna mfuko wa kuziba pengo: mashirika mazuri humwendeleza mtoto kwa fedha za jumla, mengine humfuta kwenye orodha. Usinyamaze tu na kuacha kadi iishe muda. Mtoto huambiwa kwamba mfadhili wake ameacha, na asipopewa sababu huitafuta ndani yake mwenyewe. Mwandikie kwamba hali yako imebadilika, kwamba yeye hakukosa lolote, na utaje kitu kimoja alichowahi kukuandikia ili ajue kilisomwa. Usimwahidi kurudi. Itume mapema, kwa kuwa mara nyingi njia ya barua hufungwa pamoja na malipo.